Geti la Kumfungia Chirau

Jumatatu, 15 Aprili

Kitabu hiki nilipewa hotelini Diani mwaka nilioacha kazi. Kina jalada gumu na picha ya nanga, na mpaka leo nilikuwa sijakitia wino. Nakianza kwa sababu ya mtu mmoja. Anaitwa Chirau, seremala wa Kikoneni. Naandika nisije nikamsamehe kwa kusahau. Mimi nina maradhi ya moyo mwepesi: mtu akinichekesha mara mbili namkaribisha chai. Safari hii nataka hasira yangu ikae mahali pakavu, isilowe na masika.

Jana ulikuja ugeni wa posa. Chirau na wazee wake walikuja kumposa binti yangu Subira kwa ajili ya mwanawe, Abdurahman. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu ya Dubai, niliyoinunua Dubai kweli, si sokoni Kongowea. Mke wangu Mwanatumu amepika biriani ambayo harufu yake ilifika msikitini kabla ya adhana. Wageni wakafika getini. Geti hilo nililichomelea mwenyewe mwaka jana kwa mikono hii, na kama lina kasoro, lawama ni ya chuma chenyewe, hakikulelewa vizuri. Limejipinda kidogo. Kona moja ya chini imenyanyuka, na mbuzi wa jirani huingilia hapo bila kuinama.

Chirau akasimama. Akalaza kichwa begani, akaliangalia geti kwa jicho moja kama anavyoangalia ubao. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka barabarani:

"Bwana Jaafar, hili ni geti, au umeanika ndizi?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Imamu alikohoa kikohozi kisichokuwa cha kifua. Kufikia alasiri Msambweni nzima ilikuwa ikiniita Bwana Ndizi. Mimi, niliyekaa Hamburg msimu mzima wa baridi, niliyewasalimia Wazungu kwa lugha zao na wakaitikia, leo nimekuwa tunda.

Posa nimeikubali. Kijana sina neno naye, na Subira akitajiwa jina lake hushuka sauti. Harusi ni tarehe mosi Juni. Na hapo ndipo nitakapomshika baba mtu.

Kwetu msafara wa bwana harusi ukija kumchukua bibi harusi hukuta mlango umefungwa. Mashangazi husimama ndani, wageni huomba nje, hutaniana, kisha mlango hufunguliwa. Safari hii hautafungwa mlango. Litafungwa geti. Jipya, limenyooka kama mstari wa saini ya benki. Na atakayesimama ndani ni mimi. Sitaki kitu chake. Nataka neno moja. Chirau aseme, mbele ya wazee wale wale, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho: "Fundi Jaafar, tafadhali nifungulie."

Geti likipinda, mbawa zake mbili hazitakutana katikati, komeo halitaingia, na mimi nitabaki ndizi mpaka kaburini.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeleta mabomba ya mraba kutoka Ukunda. Kijana wa bodaboda kaniuliza, "Mzee, ndizi zenyewe ziko wapi?" Nimemlipa nauli yake bila kumjibu, halafu nikamwambia kioo kimoja cha taa yake kinataka kudondoka, nikamfungia kwa waya. Hata asante hakusema. Naye nimemuandika.

Geti la zamani nimelikata kwa grenda. Cheche ziliruka nikamuona Chirau katika kila moja.

Jumanne, 23 Aprili

Siku mbaya.

Nilianza fremu ya ubawa wa kulia. Nikapanga mabomba juu ya saruji ya uani, nikaweka guni, kile kipimo cha pembe, kila kona, pembe mraba kabisa. Nikavaa miwani, nikashika rodi, nikachomelea kona ya kwanza yote, juu, chini na pembeni, mshono mnene kama msuko wa nywele. Nikahamia ya pili. Nikamaliza kabla ya adhuhuri, nikaimba. Nilipoiinua fremu, kona tatu zilikaa chini na ya nne ilinyanyuka ikanitazama.

Ndugu yake ndizi.

Nikaketi juu ya ndoo, nikawaza kwa hasira, maana mimi huwaza vizuri nikiwa na hasira. Chuma kikiyeyuka kisha kikapoa hujivuta, kama ngozi ya ngoma ikianikwa. Ukiimaliza kona moja yote ingali peke yake, yenyewe huvuta fremu nzima iifuate, na zile kona nyingine hazijashikwa ziweze kuizuia.

Mwanatumu alikuwa barazani anashona gauni la Subira. Akatazama fremu, akatazama sindano yake.

"Baba Subira, hukupiga bandi."

"Bandi gani? Hiki ni chuma, mama, si kanga."

"Nami nikishona mkono wote bila bandi, gauni hujikunja hivyo hivyo. Nashika kidogo hapa, kidogo pale, nazunguka kote, ndipo nashona."

Nimemwambia ashone gauni aniachie geti. Amecheka, akaendelea kushona. Sijakubali, lakini nimeandika.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekata kona zote, nimezisaga. Nimepiga bandi. Vitone vidogo kila kona, mbele na nyuma, nikapima kona kwa kona kwa uzi, nikapata sawa. Mwanatumu hakusema kitu. Ananyamaza kwa kelele sana mwanamke huyu.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua ya kuua. Paa la Mama Dama, jirani yetu, limefunguka upande wa jikoni. Nimempelekea turubai langu, ndilo nililokuwa nalifunikia geti. Afanye nini, mtu mzima na bakuli kichwani?

Alasiri mvua ikapumzika, nikasema niwahi nichomelee kona mbili. Chuma bado chekundu, likarudi wingu moja tu, kama limetumwa kutoka Kikoneni. Tone la kwanza lilipogusa kona nilisikia ssss na moyo wangu ukaitika. Kona imepoa upande mmoja kwa ghafla, bomba likajivuta. Si kama mwanzo, lakini uzi hausemi uongo.

Nimekata tena. Chirau, hata mawingu yako nayaandika.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Muuza duka kaniuliza kama ndizi mbivu zitapatikana kabla ya harusi. Nimehamia duka la ng'ambo.

Ijumaa, 3 Mei

Leo nimegundua jambo ambalo wenye viwanda wangenilipa mshahara.

Nimetengeneza fremu za mbawa zote mbili kwa vitone tu. Kisha nikazilaza moja juu ya nyingine, mgongo kwa mgongo, nikazibana kwa klempu pande zote na waya pale klempu zilipokwisha. Nikafikiri hivi: hii ikitaka kujipinda huku, ile inataka kujipinda kule, wacha washindane wenyewe. Nikachomelea kidogo kona hii, nikahamia kona inayotazamana nayo, kidogo, nikageuza zote mbili, kidogo. Nilikuwa nataka kumaliza kwa kasi nikamuoneshe mtu. Mara stima ikapotea.

Niliitukana kampuni, nikalitukana transfoma, nikamtukana Chirau, maana yeye ndiye ameweka mkono. Nikakaa. Stima ilirudi chuma kimepoa kabisa, nakishika kwa kiganja. Nikachomelea kidogo, ikapotea tena! Siku nzima ikawa hivyo. Nachomelea, stima inaniadhibu, chuma kinapoa.

Magharibi nikafungua klempu, nikazitenganisha. Nikaweka pimamaji. Kitone cha hewa kimekaa katikati, hakitikisiki, kama bwana harusi katika picha.

Nikasujudu pale pale kwenye vumbi la chuma. Stima ilipotea kunifundisha subira, na mimi nina binti wa jina hilo ndani ya nyumba.

Alhamisi, 9 Mei

Chirau amekuja! Ati kuzungumza mambo ya mahema. Ameleta gunia la machungwa ya Kikoneni. Nimefunika fremu kwa mikeka mbio mbio, lakini ukingo mmoja ulibaki nje.

"Mkwe, habari za kazi?"

"Njema. Kazi gani?"

"Nimesikia unaunda geti."

"Mimi? Hapana. Ninaanika matunda."

Akacheka mpaka machozi. Hilo ndilo linalonichoma: anacheka vizuri, huwezi kumchukia kwa raha. Akainama, akapitisha kidole juu ya ukingo wa fremu, polepole, mpaka kona. Nilingoja aseme. Hakusema chochote. Alijifuta kidole kwenye kikoi, akakaa. Heri angetukana.

Baadaye, akimenya chungwa, akaniambia, "Mimi milango yangu huiachia upana wa sarafu kila upande. Masika mbao huvimba."

"Zako ni mbao, mkwe. Chuma hakinywi maji."

"Haya," akasema. "Umeiona dunia wewe."

Nimempa samaki wa kukaanga apeleke nyumbani, wawili wakubwa. Mama Abdurahman hana kosa. Lakini "umeiona dunia" nimeiandika, na ina riba yake.

Jumapili, 12 Mei

Dada yangu Mbeyu, shangazi wa bibi harusi, amekuja kupinga. Anasema kazi ya kufunga mlango ni yake, mwanaume kusimama pale ni ukosefu wa adabu.

"Wewe utasema na wageni, Mbeyu. Mimi nitashika komeo tu."

"Kakangu, harusi ni ya Subira au ya komeo?"

 Subira mwenyewe alikuwa anapita na sinia. Akasema, "Shikamoo shangazi," kisha akanitazama mimi kidogo, akaingia ndani. Mtazamo ule sikuupenda. Lakini nimefika mbali sana kurudi.

Alhamisi, 16 Mei

Mabati ya kufunika fremu. Bati ni jembamba, moto ukizidi linajikunja kama chapati. Nimepunguza stima, naanzia katikati naenda pembeni, mshono mfupi, naruka, mshono mfupi, naruka. Nikihisi kiburi kinapanda, naweka rodi chini nakunywa maji. Limekaa sawa. Mwanatumu amesimama mlangoni akasema, "Sasa unashona."

Nimefurahi kuliko niliposifiwa na Mjerumani mmoja mwenye meli kule Hamburg.

Jumatatu, 20 Mei

Rangi. Nyeusi inayong'aa. Hamburg mageti ya matajiri yote ni meusi.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua, lakini haina hasira. Nafanya mazoezi ya kusimama. Mkono mmoja kwenye komeo, mwingine nyuma. Mbeyu amenikuta.

Jumatano, 29 Mei

Nimelisimamisha. Asubuhi ya manyunyu, baridi mpaka nimevaa sweta. Mbawa zimekaa baina ya nguzo mbili za saruji kama zilizaliwa pamoja nazo. Nikafunga. Nikachukua wembe, nikaupitisha pale mbawa zinapokutana. Haupiti. Nikajaribu kwenye nguzo. Haupiti. Upana wa sarafu! Sarafu aende nazo sokoni.

Majirani wamekuja kutazama. Muuza duka wa kwanza naye alikuja. Akaniita Mzee Jaafar. Bado hajasema Fundi, wala majirani hawatasema kabla ya Chirau. Ni yeye aliyenivua, ni yeye atakayenivisha.

Jumapili, 2 Juni

Jana sikuandika. 

Alfajiri kulikuwa na ubaridi. Nikafunga geti mwenyewe, komeo likateleza kama siagi. Nikalifunga na kufuli moyoni mwangu. Kisha jua likatoka. Jua ambalo hatukuliona kwa wiki nyingi likatoka lote siku moja, kama mtu anayelipa deni lake lote. Waliohitaji kutoka walipita nyuma, kwa Mama Dama. Mimi nilikaa kivulini natazama weusi wa geti ukimeremeta, nikifurahi.

Baada ya adhuhuri nikasikia matwari. Msafara ukaja, kanzu nyeupe, kofia, vigelegele, vumbi hakuna kwa sababu ya masika. Juu ya bati kuna nondo, hivyo tulionana nyuso. Chirau mbele, jasho linamtiririka. Nikashukuru.

Mbeyu akaanza.

"Nani nyinyi?"

"Wageni wenu! Tumekuja kuchukua ua letu!"

"Ua gani? Hapa tumepanda mihogo tu!"

"Hata mhogo huo tunaula!"

Watu wakacheka, Mbeyu akawasha maneno mengine, na nilimwacha amalize. Kisha nikasogea.  Nilikuwa nimetunga hotuba nzima, yenye Hamburg ndani. Nikasema tu, "Mkwe Chirau. Nataka neno."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzaha, nilikuwa na majibu yake yote. Yeye akavua kofia, akaishika kifuani, akasema mpaka wa barabarani wakasikia:

"Fundi Jaafar, tafadhali tufungulie."

Vigelegele. Imamu akaitika. Nilihisi mabega yangu yakirudi mahali pake. Nikashika komeo, nikalivuta.

Halikuja.

Nikavuta tena. Nikaweka mguu kwenye ubawa. Geti limekaza kama limepigwa plasta. Nikagusa bati, nikatoa mkono: linaunguza. Ndipo nikaelewa, wakati wengine wote wanashangilia. Chuma hakinywi maji, lakini kinakula jua. Kimekula tangu asubuhi, kimevimba, na mimi sikukiachia hata upana wa wembe. Komeo limebanwa na mbawa, mbawa zimebanwa na nguzo.

Nyuma yangu wanawake wakaanza kuulizana. Nje matwari yakapungua. Nilimwona kwenye dirisha Subira, hina mikononi, anatazama mgongo wangu.

Chirau alisogea mpaka kwenye nondo. Akaweka kiganja juu ya bati, akakiondoa upesi.

"Mkwe," akanong'ona, "limekaza?"

"Halijakaza."

"Uliacha nafasi?"

Nikalivuta komeo kwa mikono miwili. Naye akatabasamu. Mdomo ule ule. Nikauona ukifunguka, na nikajua jina la pili linakuja, na hili halitatoka hata nikihamia Lunga Lunga.

Akageukia watu, akainua mkono.

"Jamani, tulieni! Fundi ana haki yake. Kwetu Kikoneni geti jipya halipitishi bibi harusi mpaka liogeshwe. Leteni maji!"

Mimi Kikoneni naijua tangu utotoni. Hakuna kitu kama hicho. Mzee mmoja wa upande wake mwenyewe akauliza, "Tangu lini, Chirau?"

"Tangu zamani. Wewe siku hizo ulikuwa Lunga Lunga."

Yakaja maji. Ndoo, sufuria, dumu. Mbeyu, ambaye hajui kilichotokea lakini akiona furaha huingia ndani yake, akaleta mrashi akanyunyiza marashi juu ya komeo. Wa nje wakamwaga nje, sisi tukamwaga ndani. Mvuke ukapanda. Na kila ndoo Chirau alikuwa akipaza sauti, "Fundi, twakuomba!" na umati mzima ukaitikia, "Fundi, twakuomba!" Akafanya hivyo ndoo baada ya ndoo. Neno nililolitafuta masika mazima likanimwagikia mpaka nikawa nalowa.

Kisha chuma kikatoa mlio, ting, mdogo. Nikavuta. Komeo likateleza.

Chirau aliingia wa kwanza, kanzu chapachapa kwa maji, akanikumbatia mbele ya watu wote.  Wakati wa kula nilimpelekea sinia mwenyewe, nikachuchumaa karibu yake.

"Kwa nini hukusema?"

Akabana tonge. "Jina la kwanza nilikuita mimi, nikacheka, yakaisha. La pili wangeitwa nalo wajukuu zetu."

Akaendelea kula. Subira ametoka kupitia geti lile wima, mkono kwa mkono na mumewe, na hakuinama popote.

Jumapili, 9 Juni

Mvua imekwisha. Nimesaga ukingo wa geti, nimeacha upana wa sarafu kila upande. Nimetumia sarafu kweli kupima.

Mtaa wa pili jana palikuwa na harusi. Wameogesha geti. Geti la mbao! Wameimba na marashi wametia. Nimeulizwa kama mtaalamu wa mila, nikasema ndiyo, ni ya Kikoneni, ya zamani sana.

Wote wananiita Fundi. Na mimi sina raha. Nilitaka kumnyang'anya neno lile, yeye kanipa zawadi. Nilimtaka asimame juani, yeye akanifunika kivuli. Mtu wa namna hiyo humwezi kwa kawaida. Mwanatumu anasema nikipigie mstari kitabu hiki, kisasi kimekwisha. Hajui vita.

Nimekwenda Kikoneni kumjulia hali Subira, nikatazama uzio wa Chirau. Geti lake ni la mbao, limeoza chini, bawaba moja imekufa, mbuzi huingia bila kubisha hodi. Seremala, na geti lake ni hilo! Nimelaza kichwa begani, nimelitazama kwa jicho moja. Sikusema kitu. Nimepitisha kidole polepole, mpaka kona, nikajifuta kwenye kikoi. Nikamuona Chirau, aliyekuwa kando yangu, amenywea.

Kesho naenda Ukunda kuleta mabomba. Nitapiga bandi, nitabana mgongo kwa mgongo, nitachomelea kidogo kidogo hata stima isipopotea. Nitamuundia geti la chuma lililonyooka hivi kwamba kila asubuhi akilifungua atanikumbuka, na hatakuwa na neno hata moja la kusema. Nitamkomesha, Chirau yule.